Feni ya klachi au feni za umeme: ipi ikae kwenye pikapu iliyoongezwa nguvu

Pikapu ikishaongezwa nguvu, iwe kwa tabo kubwa zaidi, kwa kufungua pampu ya dizeli imwage zaidi, au kwa kutolewa injini yake na kuwekewa V8 (injini ya silinda nane) ya mtumba, joto nalo linapanda. Kwa hesabu ya jumla, theluthi hivi ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hugeuka kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huishia kwenye maji ya rejeta. Ukichoma mafuta mengi zaidi, rejeta inabebeshwa zaidi. Hapo ndipo wenye Hilux, Surf na Land Cruiser hapa Uganda huanza kushauriwa wang'oe feni iliyokuja na gari na kufunga za umeme.

Nautoa msimamo wangu mapema, asiye na muda aishie hapa: kwa pikapu inayopanda milima na mzigo, feni ya klachi iliyo nzima bado haijapata mpinzani. Feni za umeme zina mahali pake, lakini matatizo yake mengi hayatoki kwenye feni yenyewe. Yanatoka kwenye kava (boksi linalofunika rejeta na kuzunguka feni), waya na alteneta, na hayo muuzaji hakuambii.

Tunalinganisha vitu vitatu, si viwili. Cha kwanza ni feni ya klachi, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Cha pili ni seti mpya ya feni mbili za umeme za inchi 12 au 14, zinazouzwa na vifungio vyake. Cha tatu, ambacho wengi hawakifikirii, ni feni ya umeme ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine pamoja na kava yake, mfano Ipsum, Noah ya kuanzia 2001 au Harrier ya lita 2.4. Magari hayo injini imewekwa kwa kukingama, si kwa urefu wa gari, kwa hiyo mkanda hauwezi kuifikia feni na kiwanda kililazimika kutumia umeme tangu mwanzo. Kisekka, kwenye soko la spea la Kampala, yamejaa.

Zinavyovuta hewa

Feni ya klachi inazunguka kulingana na injini. Katikati yake kuna kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi bapa inayoisikia hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya kawaida, springi inafunga njia ya mafuta na feni inateleza, ikizunguka polepole kuliko puli yake. Hewa ikipata moto, springi inajikunja, mafuta yanaingia, klachi inashika, na ndipo unasikia ule mngurumo kama wa lori.

Feni ya umeme haijali injini iko kwenye mizunguko mingapi. Ikiwashwa, inazunguka kwa kasi ile ile, iwe umesimama kwenye jam ya Clock Tower, Kampala, au unapanda.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Kwenye jam, injini iko kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika na feni ya klachi iko dhaifu kabisa. Feni ya umeme inashinda hapo, hasa ukiwa umewasha AC. Ila kumbuka injini ya gari lililosimama inatoa joto kidogo tu. Sasa chukua barabara ya Kabale kwenda Kisoro, mpando wa Kanaba, tani moja nyuma, gia ya pili, kilomita 30 kwa saa. Upepo wa mwendo hakuna. Tabo inasukuma kwa nguvu zake zote. Injini iko mizunguko 3,000 na zaidi, na feni ya klachi iliyoshika inaweza kuvuta hewa hadi karibu mara nne ya ile ya kwenye jam, kwa sababu hewa inayovutwa huongezeka sawasawa na mizunguko. Inakupa hewa nyingi pale pale joto linapokuwa jingi. Feni ya umeme inakupa kile kile ilichokupa ukiwa umesimama.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo boksi la feni halilitaji. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu mita 2,000. Kwenye mita 2,000 hewa ina uzito wa asilimia 82 hivi ya ile ya pwani. Feni ile ile, mizunguko ile ile, inapitisha hewa nyepesi zaidi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Klachi nayo inapata adhabu hiyo, lakini yenyewe kwa kawaida huanza na akiba kubwa.

Kuhusu nguvu za farasi

Wanaouza seti mpya wanapenda kusema utapata nguvu za farasi kumi na zaidi. Tupige hesabu. Feni mbili za ampea 20 kila moja, kwa volti 13.5, zinakula wati 540. Alteneta hupoteza sehemu ya nguvu inayopewa, kwa hiyo injini inalipa karibu wati 900, yaani zaidi kidogo ya nguvu ya farasi mmoja. Feni ya klachi iliyoshika kwenye mizunguko mingi inakula zaidi ya hapo, mara kadhaa, kwa sababu nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kasi kuliko mizunguko yenyewe: ukizidisha mizunguko mara mbili, inakula mara nane. Kwa hiyo kuna ukweli fulani. Lakini muda mwingi klachi haijashika, inateleza na kula kidogo sana. Na inaposhika, maana yake unaihitaji. Kwenye dizeli ya lita 3.0 iliyofunguliwa pampu, sidhani mguu wako utaisikia tofauti. Mwenye petroli inayopanda hadi mizunguko 6,500 ataisikia zaidi, na huyo ana sababu halali.

Kava, au kwa nini feni mpya mbili zinashindwa na moja kuukuu

Chukua futi upime rejeta. Tuseme eneo lake la kupoza ni sentimita 60 kwa 45. Hizo ni sentimita za mraba 2,700. Feni ya inchi 12 ina duara la sentimita za mraba 700 hivi, kwa hiyo mbili zinafunika 1,400, nusu na kidogo. Zikifungwa kavu juu ya rejeta bila kava, ile nusu nyingine inabaki imekaa tu. Hewa haivutwi kupitia kwake, ila ukiwa kwenye mwendo.

Kava ni lile boksi la plastiki au bati linalofunika rejeta yote na kuacha tundu la feni tu. Kazi yake ni kulazimisha hewa ipite kila pembe. Feni ya klachi ya kiwandani inayo (kama fundi hakuitupa wakati wa kubadilisha rejeta, jambo linalotokea mara nyingi mno, na mwenye gari hata hajui). Feni ya Ipsum au Noah nayo inakuja na kava yake, imeungwa na kiwanda, na ina kina cha kutosha hewa ikusanyike kabla ya kufika kwenye panga. Seti mpya za bei nafuu ama hazina kava, ama zina bamba bapa lililoganda karibu kabisa na rejeta. Bamba la namna hiyo lina ubaya mwingine: ukiwa kilomita 100 kwa saa kwenda Masaka, upepo wa mwendo unatosha kupoza wenyewe, lakini bamba linauzuia. Ndiyo maana kava nzuri zina vilango vya mpira vinavyofunguka kwa upepo.

Na zile namba za futi za ujazo kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi? Hupimwa feni ikiwa mezani, haina kitu mbele yake. Weka kondensa ya AC na rejeta nene ya safu tatu mbele yake, namba inaporomoka. Feni ya mtumba haina namba yoyote iliyoandikwa, lakini ilibuniwa ivute kupitia rejeta na kondensa ya gari zima. Kati ya cha pili na cha tatu, hapa cha tatu kinashinda bila ubishi, mradi upana wa kava ukaribiane na wa rejeta yako. Nenda sokoni na vipimo mkononi, na upime pia nafasi kati ya rejeta na injini, kwa sababu mota zinatofautiana unene.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kufunga. Seti mpya nyingi zinakuja na vifungio vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Barabara ya lami safi, sawa. Barabara ya vumbi yenye makorongo, uzito wa feni unaning'inia kwenye mirija myembamba ya alumini na kutikisika kila siku. Plastiki inakauka kwa joto, inalegea, inasugua, na siku moja unaona tone la maji katikati ya rejeta ambapo hakuna kiungo chochote. Feni ifungwe kwenye fremu ya rejeta, kwa vyuma na boliti. Fundi akikuonyesha vifungio vile, mwambie avirudishe kwenye boksi.

Umeme, ambapo mambo huharibika zaidi

Hapa klachi haina cha kushindana: haina waya, fyuzi wala sensa. Imefungwa boliti nne na mkanda. Kwa hiyo sehemu hii ni ya wanaotaka umeme.

Anza na alteneta. Chukua alteneta ya ampea 80. Namba hiyo ni ya injini ikiwa mbio. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole, inaweza kutoa nusu tu, tuseme 40. Sasa uko Jinja Road saa moja jioni, mvua inanyesha. Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula ampea 9 hivi. Feni ya ndani ya AC na klachi ya kompresa, karibu 20. Waipa, taa za nyuma, redio, ongeza chache. Feni mbili za rejeta, 40. Umepita 70, na alteneta inatoa 40. Kinachopungua kinatoka kwenye betri, volti zinashuka, taa zinafifia, na feni zenyewe zinapunguza mwendo kwa sababu mota hizi zinazunguka kulingana na volti. Injini inapata moto zaidi wakati huo huo. Mwenye gari anarudi kulalamika feni ni feki, kumbe feni inakosa chakula.

Waya ni jambo la pili. Feni moja ya ampea 20, imevutiwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi: unapoteza karibu volti 1.4 njiani, asilimia 10 ya mwendo wa feni. Tumia waya wa milimita za mraba 6 na upotevu unashuka chini ya nusu volti. Kinachopotea njiani hakiendi bure, kinageuka joto kwenye waya na kwenye soketi ya rilei (swichi ya umeme inayowasha feni). Fungua boneti ya gari lililofungwa ovyo utaiona: soketi nyeupe imegeuka rangi ya chai kwenye pini mbili, halafu nyeusi, na plastiki imeanza kukumbatia pini. Hiyo soketi imebakiza muda mfupi. Na rilei zinazokuja na seti za bei rahisi zimeandikwa ampea 40 ila pini zake ni nyembamba kuliko za rilei halisi. Ziweke mkononi pamoja ulinganishe uzito.

Kila feni ipewe rilei yake na fyuzi yake, karibu na betri. Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi, kwa hiyo feni ya ampea 20 haiwezi kuishi na fyuzi ya 20. Weka 30, na waya uwe mnene wa kuibeba. Feni moja ikifa, nyingine ibaki. Nimeona magari yenye feni mbili juu ya rilei moja na fyuzi moja. Huo ni uchumi wa ajabu.

Sensa. Seti nyingi zinakuja na kijiti cha kuchomeka kwenye mapezi ya rejeta. Kijiti kile kinapima joto la bati, si la maji, na kikilegea kinapima hewa. Sensa ya kuzungushwa, iliyofungwa kwenye bomba la juu la rejeta au kwenye injini, ndiyo inayofaa. Kama thamostati yako (valvu inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) inafunguka kwa nyuzi 82, usiweke feni iwake kwa 80, itawaka tangu asubuhi hadi usiku. Iwake kwenye 92 au 95 na kuzima kwenye 87 hivi. AC ikiwashwa, feni iwake yenyewe bila kungoja sensa.

Na hapa lazima niseme kuhusu tabia ya kung'oa thamostati, ambayo mafundi wetu wanaipenda. Kwenye dizeli nyingi za Toyota, thamostati ina kifuniko cha chini kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Gari linachemsha mlimani na mwenye gari anaongeza feni ya tatu.

Kwa feni ya mtumba kuna la ziada. Nyingi zina mwendo wa aina mbili, baadhi kwa kuunga mota mbili kwa mfuatano kwenye mwendo mdogo, nyingine kwa kisanduku cha kompyuta kilichofungwa kwenye kava. Zile za kisanduku ziache kama fundi wa umeme hajui kuziendesha. Na hakikisha gari lako ni la volti 12. Kuna Land Cruiser za volti 24 zinazunguka hapa, na feni ya Noah haitadumu dakika.

Feni inayozunguka kinyume

Ukigeuza waya mbili, mota inazunguka upande mwingine, inapuliza kuelekea mbele na kupigana na upepo wa mwendo. Gari halichemshi ukiwa umesimama, kwa sababu hewa bado inapita, ila linachemsha kuanzia kilomita 40 au 50 kwa saa, na kila mtu anabaki akikuna kichwa. Kipimo ni karatasi moja ya daftari. Washa feni, iweke karatasi mbele ya grili. Ikinata, sawa. Ikipeperuka, geuza waya. Hakikisha pia panga lenyewe halijageuzwa, maana baadhi ya panga hutolewa na kurudishwa kichwa chini kwa urahisi.

Maji, matope na vumbi

Karamoja wakati wa mvua, mito ya msimu inavuka barabara. Feni ya klachi ikiingia majini inazunguka, panga za plastiki zinajipinda kuelekea mbele na zinaweza kuichana rejeta. Wenye feni za umeme wanabonyeza swichi na kuvuka feni imesimama. Hilo ni jambo jema la kweli, na ukifunga umeme weka swichi hiyo, yenye taa nyekundu ili usisahau kuirudisha. Lakini mota iliyokuwa moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hunyonya maji na tope kupitia mihuri yake, na vumbi letu jekundu linakula brashi na bushi zilizo wazi nyuma ya mota za bei rahisi. Mota za kiwandani kwa kawaida zimezibwa vizuri zaidi.

Zinavyokufa pia si sawa. Klachi inakufa taratibu: inavuja mafuta, inateleza, joto linapanda kidogo kila wiki, una muda wa kugundua. Ya umeme inakufa kwa sekunde, fyuzi moja tu, na kama hutazami mshale wa joto utaijua kwa mvuke. Kwa mwenye Surf ya injini ya dizeli 1KZ-TE, ambayo silinda hedi yake ya alumini inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa, hiyo si tofauti ndogo. Akifunga umeme, afunge pia kengele ya joto.

Kabla hujanunua chochote

Gari likichemsha kwenye jam na kupoa ukikimbia, shida ni hewa, yaani feni au kava. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkubwa, kwanza shuku rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, pampu ya maji, au gasketi ya hedi. Chungulia kati ya kondensa na rejeta kwa tochi. Vumbi, mbegu za nyasi, wadudu, na Novemba upande wa Masaka hata senene, hujaza ule mwanya mpaka hewa haipiti, na hakuna feni itakayokusaidia. Osha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji yasiyo na presha kali.

Kisha jaribu klachi uliyo nayo. Injini imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono: lazima ikatae kidogo. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, imekwisha. Tazama kama ina michirizi ya mafuta iliyotapakaa kutoka katikati, na itikise kuona kama beringi ina mchezo. Klachi nyingi za Toyota zinaweza kufunguliwa na kuongezwa silikoni. Toyota wenyewe wanaiuza kwa vichupa vya mililita 18, yenye uzito tofauti. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, ile nzito ya 10,000 (namba inayoonyesha uzito wa mafuta) inaifanya ishike kwa nguvu zaidi. Kazi ya asubuhi moja, na mara nyingi ndiyo inayomaliza kesi.

Basi, nani achukue nini

Unabeba matoke, saruji au trela, unapanda Kapchorwa, Kisoro au Bundibugyo: klachi nzima, kava kamili, silikoni nzito. Usidanganywe na mtu.

Umeweka injini ya gari jingine na hakuna nafasi ya feni ya mkanda: umeme ni lazima, chukua ya mtumba yenye kava, na alteneta kubwa kabla ya feni. Hapo usianze na rangi ya rimu.

Pikapu ya petroli ya mjini na mbio za wikendi, AC saa zote, jam kila siku: umeme pia, na ya mtumba kwanza. Huko Marekani, GM walihamishia pikapu zao nyingi za V8 kwenye feni za umeme mwaka 2005, na zinafanya kazi. Lakini walibadilisha feni, kava na nyaya pamoja kama mfumo mmoja.

Seti mpya ya feni mbili naipa nafasi moja tu: rejeta yako ni ndogo au ya umbo la ajabu na hakuna kava ya mtumba inayoikaa. Hapo mchonga bati wa Katwe, Kampala, akutengenezee kava yenye kina cha sentimita 5 hivi, na utupe nyaya zote zilizokuja kwenye boksi.

Ukishafunga umeme wa aina yoyote, weka rilei moja ya ampea 40 na fyuzi mbili za 30 ndani ya gari. Aina hiyo ya pini nne haikosekani kwenye duka la spea, Katuna hadi Arua, ila ni nadra duka kuwa pale gari linapozimikia.